Fundo Lisilovuta: Namna ya Kubana Nywele Bila Kupoteza za Mbele

Fundo ni mtindo wa mtu mwenye shughuli. Asubuhi kuna daladala ya kuwahi, kuna mtoto wa kuvalisha, na nywele zikishakusanywa nyuma na kufungwa, kichwa kinakuwa nadhifu mpaka jioni. Kwa wasichana wengi wa Tanzania waliosoma shule za serikali, ambako nywele hukatwa fupi miaka yote ya masomo, fundo ndilo jambo la kwanza wanalolitamani wanapomaliza kidato cha nne na kuanza kufuga nywele. Wanalitamani kabla nywele hazijafika, basi wanalilazimisha kwa jeli, brashi na mpira. Panja huanza kupanda hapo, mapema kuliko mtu anavyodhani.

Madhara haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakipoteza nywele za pembeni kwa sababu ya kuzivuta na kuzifunga kwa nguvu juu ya kichwa. Wanaume wa Kisikhi, ambao hufunga nywele utosini chini ya kilemba, hupatwa vilevile. Ila nywele za kipilipili ziko hatarini zaidi, kwa kuwa kila mkunjo wa unywele ni mahali unapoweza kukatikia. Jijini Cape Town, watafiti akiwemo daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo walikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliowapima wana upungufu wa nywele za ukingoni uliotokana na kuvutwa. Miongoni mwa wasichana wa shule, walioathirika walikuwa kama 17 katika kila 100.

Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye wazo moja: nywele za mbele hazipaswi kubeba fundo. Ni nyembamba na ni fupi. Fundo libebwe na nywele za katikati ya kichwa, na za mbele zilazwe juu yake tu, bila mzigo.

Hatua ya 1: Jua kinachokupata

Simama karibu na dirisha mchana, ujitazame kwenye kioo, kisha piga picha panja zote mbili na sehemu iliyo juu ya masikio. Picha hizo utazihitaji baadaye, kwa sababu jicho linalojitazama kila siku halioni mabadiliko.

Kuna madhara ya aina mbili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kukatika: unywele unavunjika katikati na shina linabaki salama ndani ya ngozi. Utaona vinywele vifupi vya urefu tofauti vilivyosimama na kukataa kulala. La pili ni kung'oka: unywele unatoka mzima, ukiwa na kivimbe kidogo cheupe upande wa shina. Usishtuke kwa kuona kivimbe hicho mara moja moja, maana kichwa chenye afya hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku na nyingi huwa nacho. Cha kuangalia ni mahali zinapotoka. Zikidondoka kutoka kichwa kizima ni habari nyingine. Zikiwa zinapungua kwenye panja na juu ya masikio peke yake, mshukiwa wa kwanza ni mvuto.

Tazama pia kama kwenye ukingo kabisa wa paji la uso kumebaki mstari wa vinywele laini, na nyuma yake pana ukanda uliopungua. Mstari huo ni dalili ambayo madaktari huitumia kutambua nywele zilizopotea kwa kuvutwa. Vinywele vile vimesalia kwa sababu ni vifupi mno, havikufikiwa na fundo.

Hatua ya 2: Usibane nywele mbichi

Hapa ndipo wengi tunapoharibu bila kujua. Unywele ukilowa huvimba, hulegea na hurefuka ukivutwa. Ukiufunga katika hali hiyo unaona umelala vizuri, tena bila taabu. Lakini unapokauka unataka kurudi kwenye urefu wake, na nywele za kipilipili hujikunja sana zikikauka. Fundo ulilolifunga saa kumi na mbili asubuhi bila maumivu linajikaza lenyewe, na saa sita mchana kichwa kinauma. Wewe unalaumu jua.

Kwa hiyo kazi ya maji ifanyike usiku. Lowesha kidogo, paka losheni ya nywele au mafuta ya nazi kiasi, zigawe mafungu manne hadi sita, uyasokote bila kukaza, ulale. Asubuhi zitakuwa zimenyooka kidogo, zimekauka, na zitakubali kukusanywa bila vita.

Kuchana nako kuna adabu yake. Tumia chanuo lenye meno mapana, anza kwenye ncha na upande kuelekea kwenye ngozi, huku mkono wa pili umeshika fungu katikati ili mvuto usifike kwenye shina. Za mbele zichambue kwa vidole.

Hatua ya 3: Gawa kabla ya kukusanya

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kwa ncha ya kitana, chora mstari kutoka sikio moja hadi jingine ukipita juu ya kichwa, nyuma ya ukingo wa nywele kwa upana wa vidole viwili. Za mbele ya mstari zibane pembeni kwanza. Za nyuma zikusanye kwa viganja, bila brashi, kisha uzifunge. Brashi husafisha mwonekano, lakini kila unapoipitisha unakaza, na mkono hauna kipimo cha kukuambia imetosha.

Fundo likishakaa, rudi mbele. Paka losheni kidogo, zilaze nywele hizo kuelekea nyuma kwa kiganja, na ncha zake uzichomeke chini ya fundo kwa pini yenye ncha laini. Ziguse kwa kidole: ziwe na ulegevu, ziinuke kidogo ukizivuta juu.

Je, kama hazifiki? Usizilazimishe. Zisokote misokoto miwili mikubwa kwenda nyuma, au ziache mbele, au funga mtandio mwepesi kuzifunika. Na kama hata za katikati hazijafika, fanya mafundo mawili au matatu madogo badala ya moja. Kila fundo litakusanya nywele zilizo karibu nalo, hakuna itakayosafirishwa kutoka kwenye panja hadi kisogoni.

Hatua ya 4: Chagua cha kufungia

Mpira mwembamba mtupu, ule mweusi unaouzwa kwa pakiti, hung'ang'ania unywele na kuukata wakati wa kuufungua. Mipira yenye kiungo cha chuma ni mibaya vilevile. Tumia mpira mnene uliofunikwa kwa kitambaa, au kipande cha soksi ndefu za kike, au utepe wa satini unaoufunga mwenyewe na kuulegeza utakavyo. Mzunguko mmoja au miwili inatosha. Ukihitaji wa tatu ndipo fundo lisimame, fundo ni zito au nywele ni chache, na dawa ya vyote viwili si kukaza.

Fundo la kununua lina mzigo wake. Mengi huja na kamba ya kukaza na vitana vidogo ndani. Vitana hivyo vishike kwenye fundo lako mwenyewe, visitambae mbele kutafuta pa kung'ata. Chagua jepesi, na ulivue ukifika nyumbani.

Mahali pa fundo pasiwe palepale daima. La juu sana huvuta panja na nywele za shingoni kwa pamoja; la chini kisogoni hupunguza mvuto wa shingoni. Kila unapoosha nywele, hamisha.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kutoka

Inua nyusi, fungua mdomo wazi, inamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Ukihisi ngozi ya paji la uso inavutwa, legeza. Ukitazama kwenye kioo ukaona ngozi ya ukingoni imeinuka kwenye mashina, legeza. Kama umebanwa na msusi, mwambie palepale: "Dada, naomba ulegeze hapa mbele." Atakujibu, "Vumilia, kesho italegea." Usivumilie. Maumivu yatapungua kesho, ni kweli, lakini mashina yatakuwa yameshavutwa usiku kucha. Mnunulie soda ukipenda, ila alegeze.

Vipele vidogo vinavyoota kwenye ukingo siku moja au mbili baada ya kubanwa, hasa vyenye usaha, ni mashina yanayolalamika. Fumua siku hiyohiyo. Kumeza dawa ya maumivu ili ulale na mtindo ni kunyamazisha onyo.

Na mtoto anayelia akisukwa au akibanwa hadeki. Ngozi yake inasema kweli. Tumewafundisha mabinti kwamba kupendeza kunadai machozi, na ningependa somo hilo likome kwenye kizazi hiki.

Hatua ya 6: Jeli kwa kiasi

Paka kidogo, kwenye ukingo tu, ulaze kwa mswaki laini, kisha funga kitambaa cha satini dakika kumi. Usipake jeli mpya juu ya ile ya jana. Magamba yake hukausha nywele na kuzifanya zikatike ukizigusa. Lainisha kwa maji kwanza, ufute, ndipo uanze upya.

Hatua ya 7: Kama unavaa ushungi

Wanaojifunga ushungi au mtandio, kama ilivyo kwa wengi Unguja, Mombasa na Lamu, wana nafuu ambayo mara nyingi hawaitumii. Fundo lililo chini ya kitambaa halionwi na mtu. Halina haja ya kung'aa wala kunyooka. Misokoto miwili iliyolegea na kuzungushwa kisogoni inatosha, na ushungi utakaa vizuri juu yake.

Kinachowaumiza zaidi ni msuguano. Kofia ya ndani ya pamba husugua ukingo saa kumi au zaidi kwa siku, na pindo lake lenye mpira hukaa palepale penye nywele dhaifu. Tafuta yenye bitana ya satini, au ishonee mwenyewe utepe wa satini upande wa ndani wa pindo. Baada ya kuoga josho, subiri nywele zikauke ndipo uzifunge. Zikibaki mbichi chini ya kitambaa, zitavutwa zikikauka, na ngozi yenye unyevu wa muda mrefu huwasha. Kujikuna nako hukata nywele.

Hatua ya 8: Usiku, fumua

Usilale na fundo, hata kama kesho utalifunga vilevile. Fumua, pitisha ncha za vidole kwenye panja taratibu, sokota kwa ulegevu, na ufunike kwa satini au hariri. Kitambaa kifungwe nyuma ya kichwa, kisibane kwenye paji la uso.

Hatua ya 9: Panga miezi

Baada ya kufumua rasta usikimbilie fundo. Nywele za ukingoni zimetoka kwenye mzigo mmoja, zipe wiki moja au mbili za kupumzika. Rasta zenyewe zisipite wiki 6 hadi 8. Walioweka dawa ya kunyoosha wawe waangalifu mara mbili, maana dawa hudhoofisha unywele, na unywele uliodhoofishwa kisha ukavutwa ndio unaopotea kirahisi kuliko wote. Ukigusisha dawa, iguse sehemu mpya tu, na vinywele vya ukingoni viachwe.

Hatua ya 10: Kama umeshaharibika

Acha mvuto wote, si kuupunguza. Kama shina ni zima, nywele hurudi, lakini polepole: nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi pungufu ya hapo. Piga picha tena kila mwezi, dirisha lilelile. Mafuta ya nyonyo yanaweza kulainisha nywele ulizonazo na kupunguza kukatika. Kuotesha shina lililokufa hayawezi, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anachukua pesa yako bure.

Ukiona ngozi imekuwa laini, inang'aa na haina vitundu, au miezi mitatu imepita bila dalili ya vinywele vipya, au pana vipele na maumivu yasiyoisha, nenda kwa daktari wa ngozi. Kwa kaskazini mwa Tanzania kuna kituo cha magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi. Mapema anaweza kukupa dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani ya ngozi, au minoksidili ya kupaka, ambayo haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Usijinunulie krimu za steroidi dukani ukapaka kwa kukisia, kwa sababu huikondesha ngozi. Nenda na picha zako zote, nywele zikiwa zimefumuliwa na bila jeli, na umweleze ni mitindo gani umeivaa kwa miaka miwili iliyopita na kila mmoja ulikaa nao muda gani.