FUNDISHO: UGONJWA WA ASIKARI ALIYERUDI KUTOKA VITANI

Kuna jeraha linaloonekana na jeraha lisiloonekana. Asikari akirudi na mguu uliovunjika, kila mtu anamhurumia. Akirudi na mwili mzima lakini moyo umeumia, watu wanasema, "Ni mlevi tu," ao "Amelogwa." Kwa hiyo wengi wanakawia kuja hospitali, na nyumba nyingi zinavunjika. Tujifunze ugonjwa huu ni nini, na namna gani ya kuutunza.

1. Ugonjwa huu si mpya
Asikari wa Kongo, wa jeshi lililoitwa Force Publique, waliingia Tabora mwaka 1916. Katika vita nyingine walishinda huko Saio, inchi ya Etiopia, mwaka 1941. Katika vita ile ya kwanza, waganga wa Uingereza waliona asikari waliotetemeka, wengine hawakuweza kusema, na mwili hauna kidonda. Kwanza walifikiri ya kwamba mshindo wa mizinga ulitikisa ubongo. Wengine waliitwa waoga, wakaazibiwa. Mwaka 1980, kisha vita ya Vietnam, waganga wa Marekani waliuandika ugonjwa huu kwa jina lake katika kitabu chao cha magonjwa. Hauwapati asikari tu. Unawapata wanawake, watoto na kila mtu aliyepatwa na mambo ya kutisha sana.

2. Dalili zake
(a) Vita vinamrudilia. Anaota ndoto mbaya. Hata mchana anaona kana kwamba yuko vitani tena.
(b) Anakimbia makumbusho. Hataki kusikia habari za vita wala kupita mahali fulani.
(c) Moyo wake umekufa ganzi. Hafurahi pamoja na watoto. Anajihukumu kwa sababu rafiki zake walikufa na yeye yu hai, ao kwa sababu ya mambo aliyoyafanya mwenyewe.
(d) Yuko macho siku zote. Mlango ukigongwa anaruka. Anakasirika upesi, halali.
Mambo haya yakipita mwezi mmoja, na yakimzuiza kazi na maisha ya nyumbani, mlete kwa mganga. Mganga atamchunguza vizuri, maana jeraha la kichwa na magonjwa mengine yanaweza kufanana na haya.

3. Kwa nini hofu haiondoki?
Mungu ameupa mwili mlinzi. Hatari ikija, moyo unapiga mbio na mikono inakuwa tayari kupigana. Ni vizuri, maana mlinzi huyu alimwokoa asikari vitani. Lakini sasa vita vimekwisha kwake, na mlinzi hajapata habari. Akisikia bati likianguka, anapiga kelele, "Adui!" Basi asikari huyu si mwoga, wala si mwenye wazimu.

4. Matunzo
Matunzo makubwa ni kuongea na msaidizi aliyefundishwa kazi hii. Namna moja ni hii: mgonjwa anatandika kamba chini. Kamba ni maisha yake, tangu kuzaliwa. Anaweka ua mahali pa kila jambo jema, na jiwe mahali pa kila jambo baya. Kisha anaeleza habari ya maisha yake kwa utaratibu. Wanapofika penye jiwe wanakwenda polepole: aliona nini, alisikia nini, alifikiri nini, mwili ulikuwa namna gani. Msaidizi anaandika, na kumsomea tena. Hivi jambo lile linapata mahali pake na mwaka wake. Linakuwa jambo lililopita, halimkamati tena kama la leo. Waliokuwa wapiganaji mashariki ya Kongo walitunzwa kwa njia ya namna hii, na habari zake ziliandikwa mwaka 2013: dalili zao zilipunguka.

Usimshurutishe mtu kusimulia vita mbele ya jamaa ao ya kanisa. Kumlazimisha hakumponyeshi, kunaweza kumwumiza.

Tena kuna vidonge, kama sertraline. Havifanyi kazi kwa siku moja. Vinataka majuma kadhaa. Usiviache gafula bila shauri la mganga. Pombe na bangi si dawa. Pombe inamlaza kidogo, kisha inaharibu usingizi na kuongeza hasira.

5. Kazi ya nyumba na ya kanisa
Akiota vibaya, usimshike wala kumtikisa. Simama mbali, umwite kwa jina lake, umwambie, "Uko nyumbani." Umpe kazi ya shamba ao ya mikono. Akienda hospitali, umsindikize.

Wazee wa kanisa, mwombeeni, lakini msimfunge kamba, msimnyime chakula, msimwambie atupe vidonge vyake. Siri aliyowaambia isitoke.

Bibi yake vilevile anahitaji msaada. Ugonjwa hauruhusu mtu kupiga bibi ao watoto. Akianza kupiga, watoke waende mahali pa salama kwanza, maneno yatafuata.

6. Hatari kubwa
Akisema, "Afazali nife," usicheke, usinyamaze. Umwulize wazi kama anataka kujiua. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Uondoe bunduki, kisu, kamba na sumu. Usimwache peke yake. Umlete hospitali siku ile ile, hata usiku.

Maulizo
1. Taja dalili nne za ugonjwa huu.
2. Kwa nini hatusemi ya kwamba asikari huyu ni mwoga?
3. Ua na jiwe juu ya kamba vinaonyesha nini?
4. Utafanya nini mtu akisema anataka kufa?
5. Katika kijiji chako, ni nani aliyerudi kutoka vitani na hakuna mtu anayemtembelea?