Dondoo Muhimu: Lebo za Kete za Drafti

Mwenye kutaka kuzipamba kete za drafti, ambazo katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni na Jericho jijini Nairobi aghalabu ni vifuniko vya soda, 12 vikilala chali na 12 kifudifudi, na aanze kwa rula kabla ya rangi: upana wa ndani ya kifuniko, takriban milimita 25, ndio utakaoamua kipimo cha duara, na maduara hayo, yakiachiwa milimita 5 baina yao, hupatikana 54 katika karatasi moja ya stika ya A4, yaani seti mbili za rangi mbalimbali na akiba ya 6.

Akizipeleka lebo saiba kuchapishwa, amsisitizie mchapaji kwamba ukubwa uwe asilimia 100, kwani mashine ikiachiwa hiari yake hulipunguza umbo. Mashine ya leza ni afadhali. Wino wa maji huchujuka kwa jasho la vidole, na wachezaji wetu, kwa wanavyozibamiza kete, hawana huruma.

Ama kukata, ndiko kwenye kazi. Karatasi ifunikwe kwanza kwa selotepu pana isiyo na rangi, kisha mkasi utulie na karatasi ndiyo izungushwe. Na mwenye subira haba akawaombe mafundi wa jua kali wa Kamukunji wamtengenezee bomba fupi la chuma lenye mdomo mkali wa kipimo kile kile, ambalo, likigongwa kwa nyundo juu ya ubao, hukata lebo kwa dharuba moja. Kifuniko kioshwe kwa sabuni na kikauke kabla ya kubandika, maana palipo na sukari gundi haishiki.