SOMO: KIKUNDI CHA SANAA KINAPOOMBA MSHAURI



Kikundi cha ngoma cha wakata miwa au cha maigizo cha kiwanda cha nguo kinaweza kuwa na wachezaji hodari, kikavunjika kwa sababu ya hesabu mbovu. Dawa yake si fedha tu, bali pia mafunzo.

Mwaka 2015 Uganda iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 kuhusu sanaa na utamaduni. Mkataba huo una mfuko unaosaidia vyama visivyotafuta faida. Maombi huchujwa kwanza na Tume ya Taifa ya UNESCO.

Kabla ya kuomba huko au kwingineko:

1. Andikisheni kikundi. Muwe na katiba na kamati iliyochaguliwa.
2. Tajeni udhaifu wenu bila kuficha, kwa mfano: "Mweka hazina hajui kufunga hesabu."
3. Elezeni mshauri atamfundisha nani, kwa siku ngapi, bila kugongana na zamu.
4. Barua ipitishwe na mkutano wa wanachama wote. Mshauri anafundisha, mchezo wa kuigiza mnachagua ninyi.

Maswali ya kujadili tawini:
Nani kati yetu ameliona daftari la fedha?
Mshauri akiondoka, nani ataiendeleza kazi?