Filimbi Ndefu Ikilia, Simama Hapo Hapo

Tumepokea malalamiko mengi: jengo limeporomoka, watu wamefukiwa, na waokoaji wetu wamesimama tu huku ndugu wakilia. Tunajibu waziwazi kwamba hawakusimama bure. Walikuwa wanasoma rada.

Chombo hicho hubebwa na mtu mmoja, nacho hurusha mawimbi dhaifu kuliko ya simu yako. Mawimbi hupenya tofali, udongo na zege, yakafika kifuani kwa aliyefukiwa na kurudi. Mtu akipumua, kifua husogea milimita chache. Moyo ukidunda, ngozi hutikisika chini ya milimita moja. Rada huunasa mtikisiko huo. Baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, rada ya namna hii iliyobuniwa na NASA ya Marekani ilinasa mapigo ya moyo huko Chautara, chini ya kifusi chenye kina cha hadi mita 3. Wanaume 4 walitolewa hai.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapokaidi. Rada haifuati sauti, inafuata mwendo. Kunyamaza hakutoshi! Anayenyata juu ya kifusi bila kusema neno anaharibu kipimo. Hatua yako moja inaizidi mbali pumzi ya mtoto aliye chini. Bodaboda inayopita, jenereta inayotetema, bati linalopigwa na upepo, vyote huifunika pumzi hiyo.

Utaratibu tunaousimamia sasa ni ule wa waokoaji wa kimataifa. Filimbi moja ndefu ya sekunde 3: kila mtu asimame alipo, sururu chini, injini zizimwe. Ndefu moja na fupi moja: kazi iendelee. Fupi 3: ondokeni haraka. Wanaovuka kamba iliyozungushwa eneo la kifusi ni waliosajiliwa tu. Masharti mengine yapo kwa msimamizi wa eneo.

Tunarudia: filimbi ndefu, simama. Hata kama aliye chini ni mama yako. Hasa kama ni mama yako.

Rada isipoonyesha mtu, msikate tamaa wala msivamie kifusi. Mabati na maji huzuia mawimbi, hivyo tutahamisha chombo na kupima upya, na kila kipimo kinataka utulivu ule ule. Vijana wetu wamefunzwa kusimama hivyo, nasi tunajivunia nidhamu yao. Tunaidai kwenu pia. Atakayesogea filimbi ikiwa imelia ataondolewa eneoni, awe ndugu, mwandishi wa habari au diwani.