Faibromayaljia: Mpango wa Tiba Huanza na Siku ya Mgonjwa

Vipimo vya damu viko sawa, picha ya eksirei haionyeshi kitu, lakini mwili mzima unauma. Wanawake wengi wenye faibromayaljia huishi hivyo kwa miaka, huku jamaa wakisema ni uvivu, mawazo au kurogwa.

Huu ni ugonjwa halisi. Misuli na viungo haviharibiki. Ubongo na mishipa ya fahamu ndiyo inayokuza maumivu, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti kupita kiasi. Maumivu huenea mwilini kwa muda usiopungua miezi 3, yakiandamana na uchovu, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Wanawake ndio huugua zaidi. Kwa kuwa dalili hufanana na za upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi na baridi yabisi, daktari huchunguza hayo pia.

Dawa huwasaidia baadhi tu, tena kwa kiasi. Mwaka wa 2017 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walilinganisha njia mbalimbali za tiba, na ni mazoezi ya mwili pekee waliyoyapendekeza kwa uzito.

Hata hivyo, kumwambia mgonjwa "fanya mazoezi" hakutoshi. Mama aliyeamkia kuchuma majani chai tayari ametumia misuli yake. Anahitaji kujinyoosha taratibu na kupumzika kwa mpango. Fundi wa cherehani aliyeketi kutwa anahitaji kuinuka na kutembea. Ndiyo sababu mhudumu mzuri huuliza kwanza siku ya mgonjwa inavyokwenda, kisha humwomba aandike kwenye daftari, kwa wiki 2, kazi, usingizi na maumivu yake.

Mara nyingi daftari hufichua jambo moja. Siku ya nafuu mama hufua nguo zote, huteka maji na kupalilia shamba, kisha siku tatu hawezi kuinuka. Mzunguko huo huvunjwa kwa kugawa kazi kwa saa, si kwa kungoja maumivu: afue dakika 15, apumzike, arudi, hata akihisi bado ana nguvu. Mtungi wa lita 20 uachwe, yatekwe kwa mtungi mdogo. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani anayeacha kufua katikati huonekana mzembe nyumbani. Inafaa mume au mama mkwe afike naye kliniki, asikie mwenyewe.

Matembezi yaanze na dakika 5 kwa siku, yaongezwe kidogo kila wiki. Maumivu yakizidi kiasi mwanzoni si ishara ya kuumia. Jioni apunguze chai ya rangi na kahawa, alale na kuamka saa zile zile.

Viungo vikivimba, homa ikipanda, uzito ukipungua bila sababu au mguu ukiishiwa nguvu, mgonjwa asisubiri siku ya kliniki. Aende kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na daftari lake mkononi.