Somo: Kamanda anaondoka, jeshi linabaki

Alexander wa Makedonia alipofariki mwaka 323 K.K., hakuacha mrithi mtu mzima. Majenerali wake waligawana majimbo, kisha wakapigana kwa karibu miaka 40. Mwaka 311 K.K. walipatana kwamba mtoto wa Alexander angetawala akishakua. Hakukua. Cassander, aliyekuwa akimshikilia, aliamuru auawe.

Sisi wa Goma tunazo tarehe zetu. Laurent Nkunda, aliyekuwa ofisa wa RCD-Goma, alianzisha CNDP mwaka 2006. Januari 2009 Bosco Ntaganda alimpindua, na Nkunda akakamatwa Rwanda. Tarehe 23 Machi 2009 serikali na CNDP walitia sahihi mkataba hapa Goma. Wapiganaji wakaingizwa katika jeshi la taifa, naye Ntaganda akawa jenerali humo, ingawa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa ikimtafuta.

Mwaka 2012 wengi wao waliasi, wakidai mkataba haukutekelezwa. Walijiita M23, yaani ile tarehe 23 Machi. Siku ya amani ikageuka jina la vita! Novemba 2012 waliuteka mji wetu. Mapema 2013 watu wa Makenga na wa Ntaganda wakapigana wao kwa wao. Walishindwa Novemba 2013, wakauteka mji tena Januari 2025.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Katika mkataba unaoufahamu, nani alipewa cheo? Aliyechomewa nyumba alipewa nini? Na kamanda akiondoka, askari wake wanamtii nani?