Somo la Ufundi: Kubadilisha Kadi ya Waifai Katika Laptopu ya Zamani



Vikundi vingi vya hapa kwetu Bongwe, Ukunda na hata kule Msambweni vina laptopu moja ya kikundi. Mara nyingi ni ya zamani, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Lakini kazi yake ni kubwa. Kina mama huandikia hesabu zao humo. Vijana waliomaliza kidato cha nne huitumia kuomba nafasi za vyuo na mkopo wa HELB. Wazee husaidiwa humo kujaza fomu za eCitizen. Laptopu hiyo ikikosa waifai, shughuli za watu wengi husimama siku moja.

Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kubadilisha kadi ya waifai, yaani kile kipande kidogo kilicho ndani ya laptopu ambacho hupokea na kutuma mawimbi ya mtandao. Si kazi ngumu. Lakini inataka mtu atulie, kwa sababu sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara.

YALIYOTUPATA

Laptopu ya kikundi chetu iliacha kuona mtandao wowote. Tukaambiwa kadi imekufa. Tukatoa pesa kwenye mfuko wa kikundi, mmoja wetu akaenda akanunua nyingine bila kuifungua laptopu kwanza. Kurudi nyumbani, kumbe kadi ni ya umbo jingine kabisa, haiingii. Dukani wakakataa kuipokea. Pesa zikaenda.

Tukamwita kijana fundi. Akaleta kadi inayofaa, akaifunga, mtandao ukashika, akalipwa. Baada ya siku mbili waifai ikawa haishiki tena isipokuwa simu iwekwe karibu kabisa na laptopu. Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema fundi ametuuzia kadi mbovu. Mweka hazina wetu akasema hatatoa hata shilingi moja tena. Na huku vijana wawili walikuwa wanasubiri kutuma maombi yao, na siku zinakwisha.

Fundi aliporudi alifungua kifuniko mbele yetu sote. Waya mbili za antena zilikuwa zimechomoka. Mmoja wetu alikuwa amefungua "kuangalia tu" kadi mpya ilivyo, akazing'oa bila kujua. Fundi alizibana kwa kidole na waifai ikashika. Tulimwomba radhi hapo hapo, na maombi ya vijana yakatumwa jioni ile.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni moja: angalia kwanza, nunua baadaye, laumu mwisho.

HATUA YA 1: HAKIKISHA KADI IMEKUFA KWELI

Kabla ya kutoa pesa, fanya haya:

(a) Tafuta swichi. Laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ya waifai ubavuni au mbele, nayo husogezwa bila mtu kujua. Nyingine zina kitufe cha kibodi chenye picha ya antena, kinachobonyezwa pamoja na kitufe cha Fn.

(b) Angalia kama kompyuta inaiona kadi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, kisha uchague Device Manager. Tafuta palipoandikwa Network adapters. Kadi ikiwa imo kwenye orodha lakini ina alama ya manjano, huenda si mbovu, imekosa programu yake tu. Kwenye Linux, andika lspci -nn, halafu rfkill list. Amri ya kwanza huonyesha kadi, ya pili huonyesha kama imezimwa kwa swichi.

(c) Safisha. Sisi tunaishi karibu na bahari, na hewa ya chumvi huyala meno ya shaba ya kadi. Ukiona kutu ya kijani au weusi, sugua meno hayo polepole kwa raba safi ya penseli, kisha upanguse kwa spiriti na uache pakauke. Kadi nyingine iliyosemwa imekufa hufufuka hapo.

HATUA YA 2: JUA UMBO LA KADI YAKO

Kadi za waifai za laptopu zina maumbo makuu matatu, na moja haliingii mahali pa jingine.

Mini PCI ndiyo ya zamani zaidi. Ni pana, karibu milimita 60 kwa 51, na ilikuwa kwenye laptopu za mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mini PCI Express ilianza kuonekana karibu mwaka 2005. Nayo ina ukubwa wa aina mbili: nzima, ya milimita 30 kwa 51, na nusu, ya milimita 30 kwa 27. Meno ni yale yale. Nusu huweza kuingia mahali pa nzima, ila skrubu hazitafikia, na itahitaji kibati kidogo cha kuirefusha.

M.2 ni ya laptopu za tangu karibu mwaka 2013. Ni ndogo, ya milimita 22 kwa 30, na vifungo vyake vya antena ni vidogo kuliko vya Mini PCI Express. Kwa hiyo hata waya za antena za laptopu ya zamani hazitaishika.

Fungua, pima kwa rula, piga picha kwa simu, ndipo uende dukani na picha yako, au na kadi yenyewe ya zamani.

Wenye laptopu za M.2 waangalie jambo moja zaidi. Kadi za Intel za 9560, AX201 na AX211 hufanya kazi tu na laptopu ambazo prosesa yake ya Intel ilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini 9260, AX200 na AX210 zinajitegemea. Tazama: 200 na 201! Tarakimu moja tu yaweza kula pesa za kikundi.

HATUA YA 3: ULIZA KAMA LAPTOPU YAKO INACHAGUA KADI

Hapa ndipo wengi hukwama. Kila kompyuta ina bayosi, yaani programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa. Katika laptopu kadhaa za zamani, bayosi ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, hata kama ni nzima na umbo lake ni sawa, mashine hukataa kuendelea kuwaka. Katika ThinkPad kadhaa za IBM, na baadaye za Lenovo, huonekana namba 1802. Katika HP kadhaa huonekana namba 104. Watengenezaji walieleza kuwa walifanya hivyo kwa sababu ya sheria za vyombo vya redio, zinazotaka kadi na antena zipimwe na kuidhinishwa pamoja.

Ukiona namba hizo usiogope. Zima mashine, toa kadi, itawaka tena kama kawaida. Dawa yake ni kununua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo hiyo. Kwenye kibandiko cha kadi, za IBM na Lenovo huwa na namba ya FRU na za HP huwa na namba ya SPS. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye kitabu cha matengenezo cha laptopu yako. Na jirani akikwambia "mimi yangu ilikubali", kumbuka: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Wako wanaobadilisha bayosi yenyewe ili ikubali kadi yoyote. Hatuwashauri. Ikiharibika katikati, laptopu nzima huweza kukataa kuwaka kabisa.

HATUA YA 4: KUFUNGUA NA KUFUNGA

Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kisahani cha kuwekea skrubu, meza kavu na mwanga wa kutosha.

1. Zima laptopu kabisa. Chomoa chaja. Toa betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.
2. Gusa chuma kikubwa kilicho karibu, mfano komeo la dirisha, ili umeme wa mwilini usiende kwenye kadi.
3. Fungua kifuniko cha chini. Laptopu nyingine kadi iko chini ya kibodi. Piga picha kabla ya kugusa chochote.
4. Utaona waya mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, wakati mwingine na ya tatu ya kijivu. Hizo ndizo antena. Zimepita kwenye bawaba hadi pembeni mwa kioo. Zing'oe kwa kushika kichwa chake na kukivuta juu wima. Usivute waya. Vifungo hivi havikutengenezwa kwa kufunguliwa kila siku: aina inayotumika sana kwenye Mini PCI Express imekadiriwa mara 30 hivi tu.
5. Fungua skrubu moja au mbili. Kwenye Mini PCI Express na M.2 kadi itainuka yenyewe kidogo. Mini PCI hushikwa na vibanio viwili vya pembeni, visukume nje taratibu. Vuta kadi kwa ulalo.
6. Ingiza mpya kwa ulalo ule ule mpaka meno yazame, ilaze chini, funga skrubu bila kukaza sana.
7. Rudisha antena. Waya ya kwanza huenda palipoandikwa 1 au MAIN, ya pili palipoandikwa 2 au AUX. Weka kichwa sawasawa juu ya kifungo, kisha bonyeza mpaka usikie "tik". Hapa ndipo sisi tulipokosea. Kadi isiyo na antena huonekana nzima, ila huona tu mtandao ulio karibu sana.

HATUA YA 5: KUIPA KADI PROGRAMU YAKE

Kadi mpya inahitaji draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza nayo. Wakati mwingine kompyuta huipata yenyewe. Isipoipata, soma namba za kadi. Namba hizo ni mbili: ya kwanza ni ya ukoo, ya pili ni ya mtoto. Ukiona 8086, ukoo ni Intel. 14E4 ni Broadcom. 168C ni Atheros. 10EC ni Realtek. Kwa namba zote mbili utapata draiva inayofaa kadi yako, wala si ya kubahatisha.

Sasa mtu atauliza: nitaitoaje draiva kwenye intaneti na sina intaneti? Njia ni mbili. Ipakue kwa kompyuta ya rafiki na uilete kwa flashi. Au unganisha simu ya Android na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu uruhusu kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida laptopu itapata mtandao wa simu hata kama kadi ya waifai haijaanza kazi.

Tukumbuke pia kwamba Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Baadhi ya vikundi vimehamia Linux. Huko kadi za Atheros za aina ya AR9280 na AR9285 hufanya kazi bila kuongezewa kitu. Za Intel na Broadcom mara nyingi huhitaji faili za ziada. Debian toleo la 12, lililotoka mwaka 2023, lilianza kuweka faili za namna hiyo ndani ya diski ya kusakinishia.

IKIWA BADO HAISHIKI

Inaona mitandao mingine, ila simu yako haionekani: simu inatuma kwa masafa ya 5 GHz, na kadi nyingi za zamani husikia 2.4 GHz peke yake. Badilisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu.

Inaona simu lakini nywila inakataliwa: huenda ulinzi umewekwa WPA3. Weka WPA2.

Inaona tu kilicho karibu sana: bana antena upya.

Yote yameshindikana: nunua kadi ya nje ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Haihitaji kufungua laptopu, na ile orodha ya bayosi haiihusu. Si aibu. Kazi ifanyike.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chetu anayeruhusiwa kufungua laptopu, na je, wote wanamjua?
2. Kabla mweka hazina hajatoa pesa ya kununua kifaa, tumwonyeshe nini? Picha? Namba? Vipimo?
3. Kifaa kikiharibika baada ya fundi kuondoka, tutauliza nini kwanza kabla ya kumlaumu?

Iandikeni namba ya kadi yenu leo, laptopu ikiwa bado nzima, na muiweke kwenye daftari la kikundi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiyeandika atalipa mara mbili.